Programu ya kugundua wavamizi: Jinsi ya kuisakinisha na kuiondoa bila kuiacha seva wazi

SEVA ya ofisi haipigi kelele inapoibiwa. Mwizi wa nyumba huvunja mlango au hukata nondo za dirisha, na asubuhi wenye nyumba huiona alama. Mvamizi wa kompyuta huingia kwa neno la siri alilolipata kwa hila, hunakili anachokitaka na kuondoka, na faili zote hubaki mahali pake kana kwamba hakuna lililotokea.

Ndiyo maana benki, vyuo, hospitali na vyama vya kuweka na kukopa vinavyotunza kumbukumbu za watu katika seva huhitaji programu za kugundua uvamizi. Hizi ni programu ambazo kazi yake si kufunga mlango, bali kukesha na kutoa taarifa pale mlango unapochezewa.

Programu ya namna hiyo hufanana na mlinzi wa usiku. Ukuta wa kinga, yaani programu inayoamua nani apite na nani azuiwe, ni geti la nyumba. Mlinzi ndiye anayezunguka ndani ya ua kuangalia kama kuna aliyeruka ukuta, au kama aliyepita getini kwa kitambulisho halali anafanya jambo lisilo la kawaida.

Mlinzi huyo, hata hivyo, ana masharti matatu. Lazima aanze kazi nyumba ikiwa safi. Lazima awepo mtu wa kumsikiliza. Na siku ya kuondoka, lazima akabidhi funguo zote. Sharti la kwanza husahaulika na wengi. La tatu husahaulika zaidi.

Chimbuko: senti 75 zilizopotea

Fikra ya kuipa kompyuta kazi ya kujichunguza yenyewe ina zaidi ya miaka 40. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, James P. Anderson, aliandika ripoti iliyopendekeza kwamba madaftari ya matukio, yaani kumbukumbu ambazo kompyuta hujiandikia kuhusu nani ameingia na amefanya nini, yatumike kuwabaini watu wanaoitumia vibaya. Mwaka 1987 Dorothy Denning alichapisha mfano kamili wa mfumo wa kufanya kazi hiyo, na kazi yake ikawa msingi wa mifumo mingi iliyofuata.

Katikati ya miaka hiyo miwili lilitokea tukio lililoonyesha kwa nini mifumo hiyo ilihitajika. Mwaka 1986, katika Maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyekuwa amepewa kazi ya kompyuta, Clifford Stoll, aliagizwa atafute sababu ya hitilafu ndogo katika hesabu za matumizi ya mashine: senti 75 za dola hazikuwa na mwenyewe.

Senti hizo zilimfikisha kwa mtumiaji asiyejulikana. Stoll aliunganisha mashine za kuchapa kwenye njia za simu zilizoingia katika kompyuta za maabara ili kila herufi aliyoiandika mgeni huyo ibaki kwenye karatasi. Baada ya miezi mingi ya ufuatiliaji ilibainika kuwa mvamizi alikuwa Markus Hess, kijana wa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akipenya katika kompyuta za kijeshi za Marekani, na habari zilizopatikana ziliuzwa kwa shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti, KGB.

Kazi aliyoifanya Stoll kwa karatasi, wino na usingizi wake ndiyo ambayo programu za leo huifanya kwa sekunde. Mwaka 1992 Gene Kim na Eugene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue walitoa Tripwire, programu inayochunguza kama faili za mfumo zimebadilishwa. Mwaka 1998 Martin Roesch alitoa Snort, inayosoma taarifa zinazopita katika mtandao. Kampuni ya Cisco iliinunua kampuni yake, Sourcefire, mwaka 2013, lakini Snort imebaki programu huria inayopatikana bila malipo.

Aina mbili za walinzi

Aina ya kwanza hukaa ndani ya seva yenyewe. Hiyo husoma madaftari ya matukio, hukagua faili muhimu na kuangalia kama kuna programu iliyojificha. Katika kundi hili zimo Tripwire, AIDE, OSSEC na Wazuh, ambayo ilichipuka kutoka OSSEC mwaka 2015.

Aina ya pili hukaa njiani. Hiyo husikiliza paketi, yaani vipande vya taarifa vinavyosafiri katika waya au hewani, na kuvilinganisha na orodha ya dalili za mashambulizi yanayojulikana. Snort na Suricata ndizo maarufu katika kundi hili.

Kila aina ina upofu wake. Mlinzi wa njiani haoni kilichomo ndani ya mawasiliano yaliyofungwa kwa msimbo wa siri, na siku hizi sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti hufungwa hivyo. Huona bahasha ikipita na anwani zake, lakini hasomi barua. Mlinzi wa ndani huona matendo baada ya barua kufunguliwa, lakini mvamizi akipata mamlaka ya juu kabisa katika seva anaweza kumnyamazisha. Kwa sababu hiyo taasisi zenye uwezo hutumia aina zote mbili, na taarifa za mlinzi wa ndani hupelekwa papo hapo katika kompyuta nyingine ambayo mvamizi hajaifikia.

Kabla ya kusakinisha

Swali la kwanza si programu ipi ichaguliwe, bali seva iko katika hali gani. Programu zinazokagua faili hufanya kazi kwa kupiga picha ya awali. Huipitia kila faili muhimu na kuikokotolea alama ya kihesabu, kwa mfano ya aina ya SHA-256. Herufi moja tu ikibadilika ndani ya faili, alama nzima hubadilika. Baada ya hapo programu hurudia hesabu kila baada ya muda na kulinganisha na picha ile.

Hapo ndipo penye mtego. Picha ikipigwa wakati mvamizi yumo ndani, programu itaziandika faili zake kuwa sehemu halali ya nyumba, na kuanzia siku hiyo itazilinda kwa uaminifu. Ofisi itaamini kuwa iko salama kuliko jana, ilhali imemwajiri mlinzi na kumtambulisha mwizi kama mwana wa nyumba. Wakati bora wa kusakinisha, basi, ni siku ile ile seva inapoandaliwa upya kutoka chanzo kinachoaminika, kabla haijaunganishwa na intaneti. Kama seva imekuwa ikitumika kwa miaka na kuna shaka, hatua ya busara ni kuijenga upya kwanza.

Jambo la pili ni chanzo cha programu yenyewe. Novemba 2002 iligundulika kuwa nakala za libpcap na tcpdump zilizokuwa zikisambazwa katika tovuti yake rasmi zilikuwa zimetiwa msimbo wa hila. Libpcap ndiyo maktaba ambayo Snort na programu nyingi za aina yake huitumia kusoma paketi. Waliopakua katika siku hizo bila kuhakiki walijiletea mvamizi kwa mkono wao wenyewe, wakidhani wanaleta mlinzi. Kila programu ya usalama ipakuliwe kutoka kwa watengenezaji au hazina rasmi ya mfumo endeshi, na saini yake ya kidijiti ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Jambo la tatu ni saa ya seva. Taarifa ya uvamizi isiyo na saa sahihi haina thamani ya ushahidi. Seva nyingi za kukodi huandika matukio kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tukio lililoandikwa 23:00 katika daftari la seva ya namna hiyo limetokea saa nane usiku Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Msimamizi asiyelijua hilo atamtilia shaka mfanyakazi aliyekuwa zamu ya jioni, akamwacha aliyeingia usiku wa manane.

Hatua za kusakinisha

OSSEC inafaa kuwa mfano, kwa kuwa ni huria na hufanya kazi katika Linux, Windows na mifumo mingine. Baada ya kupakua na kuhakiki, msimamizi mwenye mamlaka ya juu huendesha hati ya usakinishaji, nayo huanza kwa kumuuliza lugha. Zipo lugha zaidi ya kumi, kuanzia Kireno hadi Kituruki, Kiswahili hakimo.

Swali linalofuata ndilo zito: ni usakinishaji wa aina gani? Jibu la kwanza ni mashine kuu, inayopokea taarifa za wengine. La pili ni wakala, yaani mlinzi mdogo anayekaa katika seva na kupeleka taarifa kwa mashine kuu. La tatu ni usakinishaji wa peke yake, kwa ofisi yenye seva moja. Kosa katika swali hili haliwezi kusahihishwa kwa kubadilisha neno moja baadaye; mara nyingi hulazimu kuondoa na kuanza upya.

Hati huuliza pia mahali pa kuweka programu, ambapo pa kawaida ni saraka ya /var/ossec, na anwani ya barua pepe ya kupelekewa taarifa. Kisha huuliza kama ukaguzi wa faili, utafutaji wa programu zilizojificha na majibu ya papo kwa papo viwashwe.

Kama ni mpangilio wa mashine kuu na mawakala, kila wakala hupewa ufunguo wake wa siri, na mazungumzo yao hupita katika mlango namba 1514 wa mtandao. Mlango huo ufunguliwe katika ukuta wa kinga kwa anwani za mawakala peke yao, si kwa dunia nzima. Programu inaposakinishwa, huunda pia watumiaji wake maalumu ndani ya mfumo ili sehemu zake zisiendeshwe zote kwa mamlaka ya juu. Watumiaji hao wakumbukwe, kwa sababu watatajwa tena siku ya kuondoa.

Kwa Snort hatua ni tofauti kidogo. Kwanza huwekwa maktaba za kusoma paketi, kisha programu, kisha kanuni, yaani orodha ya dalili za mashambulizi. Msimamizi huieleza programu ni anwani zipi ni za nyumbani na zipi ni za nje. Wanaohama kutoka Snort ya pili kwenda Snort 3, iliyotolewa rasmi mwaka 2021, hawana budi kuandika upya faili ya usanidi, kwa kuwa muundo wake ulibadilishwa.

Hatua ya mwisho katika kila programu ni jaribio. Msimamizi abadilishe kwa makusudi faili moja isiyo na madhara, au akosee neno la siri mara kadhaa kutoka kompyuta nyingine, kisha asubiri kuona kama taarifa itafika. Mlinzi ambaye hajawahi kujaribiwa hajulikani kama yuko macho au amelala.

Wiki za mwanzo

Siku chache baada ya usakinishaji, msimamizi hufurikwa na taarifa. Programu imeona faili zimebadilika, kumbe ni sasisho la kawaida. Imeona mtu amekosea neno la siri, kumbe ni mhasibu aliyerudi kutoka likizo. Hizi ndizo tahadhari za uongo, na haziepukiki. OSSEC huzipa taarifa zake uzito kuanzia 0 hadi 15, na katika usanidi wa kawaida hutuma barua pepe kuanzia uzito wa 7.

Kazi ya wiki hizo ni kumfundisha mlinzi wenyeji wa nyumba: kupunguza kanuni zisizohusika, kutenga saraka zinazobadilika kila saa na kuandika anwani zinazoaminika. Kazi hiyo ifanywe kwa uangalifu, maana kila kanuni inayozimwa ni dirisha linaloachwa bila mlinzi.

Katika kipindi hicho majibu ya papo kwa papo yasiwashwe. Haya ni mamlaka ambayo programu hupewa ili izuie anwani inayotiliwa shaka bila kumsubiri binadamu. Katika OSSEC anwani huzuiwa kwa sekunde 600 kwa kawaida. Mamlaka hayo ni mazuri yakielekezwa kwa mvamizi na ni balaa yakielekezwa kwa mwenyeji. Katika ofisi nyingi za mijini, kompyuta zote hutoka nje kupitia anwani moja ya intaneti. Mfanyakazi mmoja akikosea neno la siri mara kadhaa, ofisi nzima hufungiwa nje. Na kama seva imekodiwa Ulaya au Marekani, msimamizi hana mlango wa kugonga. Anwani ya ofisi iandikwe katika orodha ya wasiozuiwa kabla ya majibu hayo kuwashwa, na iwepo njia ya pili ya kuifikia seva.

King'ora kisichosikilizwa

Tukio la kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani linaonyesha kuwa programu peke yake haitoshi. Mwishoni mwa mwaka 2013 wavamizi walipenya katika mtandao wa kampuni hiyo kwa kutumia utambulisho ulioibwa kwa mkandarasi wa mitambo ya baridi, wakaweka programu ya wizi katika mashine za kulipia madukani.

Mfumo wa kugundua uvamizi ambao kampuni ilikuwa imeununua ulifanya kazi yake. Ulitoa tahadhari Novemba 30 na tena Desemba 2, kabla taarifa nyingi hazijatolewa nje. Uwezo wa mfumo huo wa kufuta wenyewe programu hasidi ulikuwa umezimwa, na tahadhari hazikuchukuliwa kwa uzito uliostahili. Umma ulitangaziwa Desemba 19. Taarifa za kadi zipatazo milioni 40 zilikuwa zimeibwa, pamoja na taarifa binafsi za watu wapatao milioni 70, na mwezi Mei 2014 mkurugenzi mkuu wa kampuni alijiuzulu.

Kuzima majibu ya papo kwa papo si kosa lenyewe. Ni uamuzi wa tahadhari ambao wengi huufanya. Lakini anayeuchukua mkono wa mlinzi hana budi kumpa sikio. Taasisi isiyo na mtu aliyepewa kwa jina jukumu la kuzisoma taarifa kila siku, na mwingine wa kumshika mkono anapokuwa likizo, haina mfumo wa kugundua uvamizi. Ina mashine inayojaza sanduku la barua.

Kuondoa: kazi inayodharauliwa

Sababu za kuondoa programu ni nyingi na halali. Seva imezidiwa, mkataba umekwisha, taasisi imehamia programu nyingine, au toleo la zamani halitunzwi tena na watengenezaji. Hata hivyo, amri ya kuondoa isitolewe kwa haraka, kwa kuwa kuzima ulinzi ni miongoni mwa mambo ambayo mvamizi hujaribu mapema. Kama programu imesimama yenyewe, au wakala ameacha kuripoti bila sababu, hiyo ni tahadhari kamili na ichunguzwe kwanza.

Uamuzi ukishafanywa, hatua ya kwanza ni kuhifadhi madaftari. Tahadhari za miezi na miaka iliyopita hukaa ndani ya saraka ya programu, na saraka hiyo ikifutwa hufutika nazo. Uvamizi uliotokea mwezi uliopita unaweza kugundulika mwaka ujao, na siku hiyo daftari hilo ndilo shahidi pekee. Linakiliwe pamoja na faili za usanidi na picha ya awali, katika kifaa kilicho nje ya seva.

Hatua ya pili ni kuzima majibu ya papo kwa papo na kukagua mabaki yake. Programu ikisimamishwa ghafla, anwani ilizokuwa imezizuia zinaweza kubaki katika kanuni za ukuta wa kinga au katika faili ya hosts.deny. Mteja aliyezuiwa siku hiyo ataendelea kuzuiwa, na hakuna atakayejua sababu, kwa kuwa aliyemzuia hayupo tena.

Hatari ni kubwa zaidi pale Snort au Suricata inapokuwa imewekwa katikati ya njia, si pembeni yake. Katika Linux mpangilio huo hutumia foleni iitwayo NFQUEUE: kila paketi husimama, programu huiamua, kisha hupita. Programu ikiondolewa huku kanuni ya foleni imebaki, paketi hazina wa kuziamua, na kwa kawaida mfumo huzitupa. Seva iliyokuwa ikihudumia wateja hukatika ghafla, naye aliyeondoa programu kwa mbali hukatika pamoja nayo. Kanuni ya foleni huondolewa kwanza, programu baadaye.

Hatua ya tatu ni kusimamisha huduma na kuiondoa katika orodha ya programu zinazowaka seva inapoanza, kisha kufuta. Iliyosakinishwa kwa hazina ya mfumo endeshi iondolewe kwa hazina hiyo hiyo. Katika mifumo ya jamii ya Debian, amri ya kawaida ya kuondoa huacha faili za usanidi. Ipo amri nyingine inayofagia kabisa. OSSEC iliyojengwa kutoka msimbo wake huondolewa kwa mkono: husimamishwa, saraka yake hufutwa, hati za kuiwasha hufutwa, na wale watumiaji maalumu iliowaunda hufutwa pamoja na kundi lao. Mtumiaji aliyeachwa bila kazi katika seva ni ufunguo ulioachwa chini ya zulia.

Hatua ya nne ni kumfuta wakala katika mashine kuu. Asipofutwa, mashine kuu itaendelea kulalamika kuwa wakala fulani hasikiki. Wasimamizi watalizoea lalamiko hilo, na siku wakala mwingine atakaponyamazishwa na mvamizi hakuna atakayeshtuka. Aidha, wakala akisakinishwa upya kwa ufunguo wa zamani, hesabu ya ujumbe wake huanza upya ilhali mashine kuu inakumbuka hesabu ya awali, na taarifa zake hukataliwa. Dawa ni kumpa ufunguo mpya, au kufuta hesabu hiyo pande zote mbili.

Hatua ya mwisho ni kufunga mlango namba 1514 kama hautumiki tena, kuizima na kuiwasha seva katika saa zisizo na wateja, na kukagua kuwa kila huduma imeamka. Seva ambayo haijawashwa upya baada ya mabadiliko huficha makosa hadi siku umeme utakapokatika.

Kama programu mpya inachukua nafasi ya zamani, mpya isakinishwe na kujaribiwa kabla ya zamani kuondolewa, ili kusiwe na usiku hata mmoja usio na mlinzi. Lakini zisiachwe zote mbili na mamlaka ya kuzuia kwa wakati mmoja.

Funzo la Julai 2024

Programu za ulinzi hupewa nafasi ya ndani kabisa ya kompyuta, na kadiri nafasi hiyo ilivyo ya ndani ndivyo kosa lake linavyokuwa zito. Dunia ililiona hilo Julai 19, 2024, kampuni ya CrowdStrike ilipotuma sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi inayofanya kazi katika kiini cha Windows. Sasisho hilo lilirudishwa nyuma baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwama. Safari za ndege ziliahirishwa, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zikakwama.

Tiba ilikuwa nyepesi kuieleza: kuiwasha kompyuta katika hali ya usalama na kufuta faili moja. Ugumu ni kwamba katika mashine nyingi mtu alilazimika kufika na kuifanya kazi hiyo kwa mkono. Taasisi zilizokuwa na orodha ya mashine zake na funguo za kufungua diski zilizofungwa kwa siri zilikuwa na pa kuanzia. Zisizokuwa nazo zilianza kwa kutafuta funguo. Jinsi ya kuiondoa programu ni jambo la kujulikana siku inaposakinishwa, si siku ya dharura.

Sheria na ushahidi

Uvamizi wa kompyuta ni kosa la jinai katika nchi za Afrika Mashariki. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao mwaka 2018. Zaidi ya hapo, sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeibebesha taasisi inayokusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda.

Nchini Kenya, taasisi inayogundua kuwa taarifa binafsi zimefikiwa isivyo halali, na kwamba wenye taarifa wako katika hatari ya kudhurika, hutakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Saa hizo huanza kuhesabiwa pale taasisi inapotambua. Isiyo na mlinzi huweza kutambua baada ya miezi, tena kwa kuambiwa na wateja wake. Iliyofuta madaftari wakati wa kuondoa programu hutambua bila kuweza kueleza nini kilichukuliwa.

Wajibu huo una upande wa pili. Programu inayosoma mawasiliano huweza kusoma pia mambo ya faragha ya wafanyakazi. Ni vyema wafanyakazi wafahamishwe kwa maandishi kuwa mtandao wa ofisi unachunguzwa, kwa sababu gani, na nani anaruhusiwa kuyaona madaftari.

Gharama ya kuanza si kubwa, kwa kuwa programu nyingi zilizotajwa ni huria. Kinachogharimu ni muda wa mtu: wa kuandaa seva safi, wa kusoma taarifa kila asubuhi, na wa kuandika katika daftari la ofisi kila kilichowekwa ili atakayekiondoa, huenda miaka mitano baadaye na mwingine kabisa, ajue mahali pa kuanzia. Clifford Stoll hakuwa na programu yoyote kati ya hizo. Alikuwa na hesabu iliyopungua senti 75, na hakukubali kuipuuza.